Picha ya Mama Imerudi Bila Mwanya

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama itawezekana msiikate sana, manake hili jambo limenikaa moyoni wiki mbili sasa na sijapata pa kulisemea.

Mimi ni fundi wa picha hapa Nairobi. Niko na kibanda tao, ghorofa ya kwanza, upande wa River Road, ni meza mbili tu, kompyuta, skana na printa, na kazi inayoniletea unga siku hizi ni kuchukua picha ya kamera ama ya simu na kuigeuza ikae kama mchoro wa rangi. Watu wanaipenda hii kazi. Wanaitaka ya harusi, ya mtoto akitimiza mwaka, ya kijana aliyehitimu na joho lake, lakini zaidi wanaitaka ya marehemu, ile ya kutundikwa sebuleni ili wajukuu ambao hawakumkuta wamjue. Hiyo ndo inanilaza macho.

Sasa wiki mbili zilizopita akaingia mama mmoja wa makamo, ametoka Kayole, amebeba kitu kipana kimefungwa kwa leso. Akakiweka mezani akafungua mafundo moja moja. Ilikuwa kanvasi, saizi ya A2 hivi, yaani kama karatasi nne za A4 zikipangwa pamoja, ina picha ya mwanamke mzee, na ukiiangalia kutoka mlangoni ni nzuri kweli, rangi zimekolea, mapito ya brashi yanaonekana, fremu ya mbao. Akaniuliza, "Kijana wangu, huyu ni nani?" Nikamwambia mama, huyu simjui. Akasema, "Hata mimi simjui. Na nimelipa elfu kumi na tano nikaambiwa ni mamangu."

Kisha akatoa bahasha kwenye kibeti, ndani iko picha ndogo ya studio ya mwaka 1983, ile saizi ya kiganja, imegeuka nyekundu nyekundu vile picha za rangi za zamani hugeuka, kona ya juu imetafunwa na mende. Hapo ndo nikamwona mamake. Mwanamke mweusi tii, shavu linang'aa, kitambaa kimefungwa kichwani kimeegemea upande wa kulia, anacheka, na katikati ya meno ya juu kuna mwanya, ule mwanya ambao watu hutungia mashairi. Kwenye kanvasi meno yamefungana yote sawasawa kama ya tangazo la dawa ya meno. Pua imechongwa ikawa nyembamba. Ngozi imetolewa weusi wake ikawa maji ya kunde. Na kile kitambaa kwenye picha kina madoadoa, kwenye kanvasi madoadoa yamegeuka maua, tena upande mmoja maua yameingia hadi ndani ya sikio. Huyo mama akaweka kidole pale kwenye meno ya kanvasi akasema, "Tumezaliwa saba, na ni mimi peke yangu niliurithi huu mwanya," akacheka kidogo ili nione, halafu hakucheka tena.

Risiti aliyopewa imeandikwa wazi kabisa: mchoro wa rangi ya mafuta, kazi ya mkono. Nikaichukua ile kanvasi nikaiinamisha pale dirishani mwanga uipige kwa ubavu. Mtu akichora kwa rangi ya mafuta, tuta la rangi linaenda pamoja na rangi yenyewe, kama ni mstari mwekundu unaoshuka basi ukigusa utasikia tuta linashuka. Hapa matuta yalikuwa yanaenda kushoto kulia, kushoto kulia, picha nzima, na mapito ya brashi yanayoonekana chini yake yanaenda juu chini. Nikachukua kioo cha kukuzia nikaangalia shavu, nikaona nukta za wino wa printa. Yaani mtu amechapisha, halafu akachukua brashi pana akapakaza vanishi nzito juu yake ndo ukipitisha kidole uamini ni rangi. Sitaitaja hiyo studio, kwa sababu haiko peke yake, nimeshaletewa kanvasi za namna hiyo kutoka sehemu tofauti tofauti za huu mji, na kila mara mteja ameambiwa ni mkono.

Mhariri, ninachokitaka ni kimoja. Picha kugeuzwa mchoro kwa kompyuta ni kazi halali, na mimi nasema ni sanaa, lakini hiyo sanaa yote iko kwenye mkono uliopita juu ya uso wa yule mtu, na mteja ana haki ya kuambiwa kama huo mkono ulipita ama haukupita.

Najua wako watakaosema hata mimi ni wale wale. Wachoraji wa brashi na turubai, tena marafiki zangu, wananiambia kazi ya kupaka juu ya picha iliyokwisha kupigwa ni kuiga, na kuna mmoja hukosi kumsikia akinikumbusha maneno ya mzee Elimo Njau, yule aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Hayo maneno nayaheshimu sana. Lakini mimi naona aliyelala ni yule aliyebonyeza kitufe akaenda kunywa chai, asirudi hata kuangalia kama pua ni ile ile. Mtu aliyekaa na uso wa marehemu kwa muda wa saa nane akiamua hapa mwanga ubaki, hapa ufifie, huu mkunjo ni wa uzee usiguswe, huu ni wa karatasi uondoke, huyo hajaiga, huyo ameangalia. Na hii kazi yetu si ya jana. Kabla kompyuta hazijafika, mafundi wa studio walikuwa wakipaka rangi picha nyeusi na nyeupe kwa brashi nyembamba, midomo, mashavu, maua ya gauni, na kule Lamu marehemu Omar Said Bakor alikuwa anaunganisha picha ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha mpaka sura ya mtu ikakaa mahali ambapo hakuwahi kukaa. Hakuna aliyemwambia Bakor si fundi.

Sasa wacha nieleze filta, kile kitufe cha programu kinachogeuza picha nzima ikae kama mchoro, inafanyaje kazi, manake watu wengi wanadhani kompyuta inachora. Haichori. Ile filta ya kawaida ya rangi ya mafuta, kwa mfano iliyoko ndani ya GIMP, programu ambayo imekuwa ya bure tangu ilipotoka miaka ya 1990, inachukua nukta moja ya picha, inaangalia majirani wake wote ndani ya duara dogo, inahesabu ni kiwango gani cha mwanga kimejitokeza mara nyingi zaidi, halafu inaipaka ile nukta rangi ya hao wengi. Inahamia nukta ya pili, vivyo hivyo, mamilioni ya nukta. Ni kura inapigwa tu. Walio wengi wanabaki, walio wachache wanafutwa. Ndo maana anga inatoka vizuri kama imepakwa kwa kisu, majani ya mti yanatoka vizuri, ukuta wa mawe unapendeza. Lakini fikiria uso. Mwanya ni nukta chache nyeusi kati ya nukta nyingi nyeupe. Ile chembe ya mwanga kwenye mboni, ambayo ndo inafanya jicho liwe hai, ni nukta chache nyeupe kati ya nukta nyingi nyeusi. Kwenye hiyo kura mwanya hauwezi kushinda, na jicho haliwezi kushinda. Ukiongeza saizi ya duara ili brashi ionekane nene, ndo unazidi kuvifuta.

Na sisi watu weusi tuna shida ya pili juu ya hiyo. Picha ikipigwa ndani ya nyumba mwanga ukiwa kidogo, uso mweusi unakaa kwenye viwango vichache tu vya mwanga, vyote vya chini, shavu na taya na shingo zinakaribiana mno, kwa hivyo filta inaviona ni kitu kimoja inaviunganisha. Unapata uso mzima umekuwa bonge moja la kahawia lenye macho mawili. Halafu fundi akiona hivyo, badala ya kurudi kwenye picha afungue vile vivuli taratibu kabla ya kuweka filta yoyote, anavuta mwangaza wa picha nzima juu, na hapo ndo marehemu anageuka rangi ambayo hakuzaliwa nayo. Hili si geni duniani. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi walizozizoea kwa jina la Shirley, na ngozi ya huyo mwanamke ndo ilikuwa kipimo cha ngozi sahihi, ya kwetu ikatoka vile ilivyotoka. Sasa sisi wenyewe tuko na kompyuta mikononi, hapa hapa Nairobi, mteja mweusi fundi mweusi, tunarudia kosa lile lile.

Ngozi nyeusi si rangi moja. Kaa na mtu karibu na dirisha umwangalie. Pale juu ya paji la uso panapopigwa na mwanga wa nje kuna usamawati, chini ya macho kuna zambarau, kwenye ukingo wa sikio na pembeni mwa pua kuna wekundu, na kwenye mfupa wa shavu mwanga unakuwa karibu mweupe kabisa. Mchoraji anayejua kazi anazitafuta hizo rangi.

Halafu kuna hizi apu. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Tübingen, Ujerumani, Leon Gatys na wenzake, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kutenganisha mtindo wa mchoro na umbo la picha, ukachukua mtindo wa mchoraji Van Gogh ukauvalisha picha ya nyumba yako. Mwaka uliofuata ikaja apu ya Prisma, na nakumbuka vile ilivyosambaa hapa mtaani, kila profaili ya WhatsApp ikawa mchoro. Zile za wakati huo zilikuwa bado zinashikilia sura, zinavuruga rangi lakini macho yako yanabaki yako. Hizi za sasa ni kitu kingine, hazipaki rangi juu ya picha yako, zinatengeneza uso upya kutokana na nyuso nyingi sana zilizotumika kuzifunza, na uso wako unakuwa kama dokezo tu. Nina hakika ndo ilimfika mama wa Kayole. Filta haiwezi kugeuza madoadoa yakawa maua. Filta haipunguzi pua. Ile apu ilipofika kwenye mwanya ikajaza jino, kwa sababu nyuso nyingi ilizozizoea hazina mwanya, na fundi aliyepokea elfu kumi na tano hakuwa na ile picha ndogo pembeni akilinganisha, ama alikuwa nayo hakuiangalia.

Sasa kuna vijana wanaanza hii kazi, wengine wananijia kuuliza, na wateja pia wajue wanacholipia, kwa hivyo nitasema mimi nafanyaje, sina siri.

Kwanza sipigi picha ya picha kwa simu. Naiweka kwenye skana. Ile ya mama wa Kayole nimeiskani nukta 1200 kwa inchi, ikatoka karibu pikseli, yaani nukta za picha, 4,200 kwa 6,100, na hiyo inatosha A2 bila wasiwasi, manake kanvasi ya ukutani inayoangaliwa kutoka kwenye kochi, nukta 150 kwa inchi zinatosha. Picha nyingi za studio za miaka ile zilichapwa kwenye karatasi yenye vipele vipele, skana inavinasa vyote uso unakuwa kama sega la nyuki, dawa yake ni kuiskani mara mbili, ya pili umeigeuza kichwa chini, kisha kwenye kompyuta unairudisha wima na kuzilaza moja juu ya nyingine nusu kwa nusu na vile vipele vinapungua sana. Halafu narudisha rangi, natoa ule wekundu, naziba mikwaruzo, nafungua vivuli vya uso peke yake. Mpaka hapo sijagusa brashi na ni nusu siku imeisha.

Kisha ndo nafanya kopi ya leya, yaani tabaka la picha linalokaa juu ya jingine, na hapo nakubali, filta natumia. Naitumia kwa nyuma ya picha, kwa gauni, kwa pazia la studio, naiweka na brashi kubwa kwa sababu jicho la mtu halihitaji undani huko. Lakini usoni naweka maski, yaani kifuniko, naificha filta yote, nabaki na picha safi, na ule uso naupaka mwenyewe kwa kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa zile brashi zinazookota rangi iliyoko chini na kuichanganya unapoivuta. Photoshop wana brashi ya namna hiyo tangu 2010, mimi natumia za Krita, programu nyingine ya kuchorea, kwa sababu ni bure na siwezi kulipa kila mwezi. Cha muhimu si programu, ni mkono unafuata nini. Paji la uso nalizungusha kufuata mviringo wa fuvu. Shavu linashuka kutoka kwenye mfupa kwenda kwenye kona ya mdomo. Shingo inaenda kwa mzunguko kama pete. Nywele ni mapito mafupi mafupi. Ukipaka zote kuelekea upande mmoja uso unakuwa bapa, hata rangi ziwe sawa namna gani. Na nikifika kwenye macho na meno nabadilisha brashi naweka ya pikseli chache, nakuza picha mpaka jicho moja linajaza skrini, na ile picha halisi iko pembeni mkono wa kushoto muda wote, sio kwenye kompyuta, ile yenyewe ya karatasi.

Kosa jingine ninaloliona sana ni kuweka alama za turubai kwenye picha, ule mfumo wa nyuzi, halafu mtu huyo huyo anachapisha juu ya kanvasi ya kweli. Nyuzi juu ya nyuzi. Ukisimama karibu inaumiza macho. Kama unachapisha kwenye karatasi weka, kama ni kanvasi acha kanvasi ifanye kazi yake.

Na jamani picha za WhatsApp. Kijana alinitumia picha ya babake, imefika pikseli 1280 kwa 960, anataka A2. Hiyo ni nukta 55 tu kwa kila inchi. Namwambia nitumie kama dokumenti, sio kama picha, isikandamizwe, anasema ndo hiyo hiyo simu imepotea. Basi nilifanya, nilikuza kwanza halafu nikapaka, na ni kweli huu ndo uzuri wa kazi hii, brashi inaweza kuleta undani mpya kwenye gauni na ukutani pale ambapo picha imeisha. Lakini kope haiwezi kuleta kama haipo. Ilibidi nimuulize, babako alikuwa na kope ndefu? Nyusi zilikutana? Akampigia shangazi yake Nyeri. Ikabidi shangazi atafute picha nyingine ya huyo mzee akiwa kijana, na hapo tukafika mahali pazuri. Maneno ya watu waliomjua marehemu ni sehemu ya kazi, na apu haina pa kuyauliza.

Kuhusu bei sitaki kumpangia mtu. Filta peke yake ni dakika tano, na kama mteja anataka hiyo kwa picha ya mbwa wake ama ya machweo ya Diani, aipate kwa bei ya dakika tano na wote wafurahi, haina ubaya wowote. Uso mmoja wa kupakwa kwa mkono kwenye kompyuta unanichukua saa nane mpaka kumi na mbili. Mchoro wa rangi ya mafuta wa kweli rangi yenyewe inachukua siku nyingi kukauka. Hivi ni vitu vitatu tofauti, na ninachoomba wenzangu ni kwamba risiti iseme ni kipi. Andika imechapishwa kwa filta. Andika imepakwa kwa mkono kwenye kompyuta. Andika imechorwa kwa rangi. Kama uso umetengenezwa na apu, andika hivyo pia. Tuko na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inayokataza kumdanganya mteja kuhusu kitu unachomuuzia, na mtu akiandika kazi ya mkono kwenye kitu kilichotoka kwa printa hiyo ni kudanganya, hata vanishi iwe nene namna gani. Vilevile usichukue picha ya mpiga picha mwingine ukaigeuza mchoro ukauza bila kumuuliza, picha ina haki miliki kama mchoro ulivyo nayo, filta haiifuti.

Na nyinyi wateja, kabla haijachapishwa ombeni kuona jicho na mdomo vikiwa vimekuzwa kwenye skrini, pembeni mwa picha mliyoleta. Muulizeni fundi, hapa ulipaka wapi? Fundi aliyepaka atakuonyesha leya zake moja moja, azime awashe, uone uso ukiwa nusu. Ambaye hakupaka hatakuwa na la kuonyesha. Na msiache picha halisi kwa mtu yeyote mpaka kazi iishe, acheni iskaniwe mbele yenu mwende nayo nyumbani, ama kama mtaiacha, iwe kwa mtu mnayemwamini. Huyu mama aliniachia ile yake, akaifunga kwenye karatasi ya nailoni mara mbili.

Iko mbele yangu sasa hivi ninapoandika. Mwanya niliupaka Jumanne. Ni mapito mawili tu ya brashi, na si nyeusi kabisa, ni kahawia iliyoiva yenye wekundu kidogo, kwa sababu nyuma ya mwanya kuna ulimi. Imebaki kitambaa. Ile kona iliyotafunwa na mende ndo ilikuwa na fundo, kwa hivyo jana nilimpigia simu nikamuuliza mamake alikuwa akifunga vipi, akanyamaza kwanza, halafu akaniambia alikuwa anazungusha mara mbili, fundo linakaa juu ya sikio la kulia, na ile ncha inayobaki anaichomeka ndani isionekane. Nimeianza asubuhi hii. Anakuja Ijumaa.

Fundi wa picha,
River Road, Nairobi